Ushuhuda wa Mwenye Dawa Mfukoni

Ushuhuda wa kanisani una umbo lake, na kila aliyekulia kwenye mabenchi yale analijua. Shida inaingia, inakua, madaktari wanashindwa, fedha zinaisha, mtu anaombewa, kisha inakuja sentensi ya mwisho: na leo nimesimama mbele yenu nikiwa mzima. Vigelegele, pambio, anaitwa anayefuata. Sina ugomvi na umbo hilo. Limewapa watu wengi ujasiri wa kusema yaliyowapata, na aliyepona ana haki ya kushangilia. Shida ni kwamba magonjwa yanayowasumbua watu wazima wa makanisa yetu siku hizi hayana mwisho wa namna hiyo. Presha, kisukari, VVU, kifafa, sonona, maradhi ya akili ya muda mrefu: haya mara nyingi hutulizwa, hayamalizwi. Anayeyatunza vizuri anazeeka, analea wajukuu, anaimba kwaya, na kesho asubuhi anameza tena kidonge chake.

Mtu huyo hana ushuhuda. Fikiria mama mmoja amepewa kipaza sauti. "Bwana Yesu asifiwe. Namshukuru Mungu, huu ni mwaka wa kumi na mbili nameza dawa za presha, na mwezi uliopita walinipima wakakuta imetulia." Watu wataitikia amina ya adabu, kisha watamtazama wakingoja hadithi yenyewe. Mwongoza ibada pengine ataona amwokoe: "Na tunaamini, mama, kwamba hizo dawa utaziacha!" Hapo amina itatikisa mabati.

Imani ya Kikristo na hospitali hazijawahi kugombana sana katika mambo ya kawaida. Aliyevunjika mguu hufungwa hogo na hakuna anayemuuliza imani yake imekwenda wapi. Mjamzito anakwenda kliniki, mtoto anachanjwa, mchungaji mwenyewe anang'olewa jino. Ugomvi unazuka pale ugonjwa unapokataa kwisha. Mgonjwa anachoka, waombaji wanachoka, na mwisho wa hadithi ambao haukuja wenyewe unaanza kutengenezwa kwa mikono. Mtu anaacha dawa ili aonekane amepona. Ninaona huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika habari ya imani na afya, na umeua watu ambao maombi peke yake yasingewadhuru hata kidogo.

Mwaka 2011 Tanzania nzima iliona mtego huo ukitegwa mchana kweupe. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri, KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya kuwanywesha watu. Ilikuwa mizizi ya mti uitwao mugariga, iliyochemshwa, ikitolewa kikombe kimoja tu kwa kila mtu, kwa shilingi 500. Kikombe hicho, ilisemwa, kilitibu UKIMWI, kansa, kisukari, presha na pumu. Ndani ya wiki chache barabara ya vumbi ya kwenda Samunge iligeuka kuwa foleni ya kilomita nyingi. Walikuja kwa mabasi, malori na Land Rover za kukodi, wengine kutoka Kenya, na wenye uwezo walitua kwa helikopta. Wagonjwa walitolewa wodini wakiwa bado na mirija mwilini. Walilala ndani ya magari au chini, bila vyoo na bila maji ya kutosha, siku baada ya siku. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imetangazwa kwamba zaidi ya watu 50 wamekufa wakingoja zamu, na Babu mwenyewe aliomba wapya wasije kwanza mpaka foleni ipungue.

Wapo waliomcheka Babu. Mimi siwezi kumcheka. Shilingi 500 si bei ya tapeli, na ukimlinganisha na wanaouza leo chupa ya mafuta ya upako kwa bei ya kilo kadhaa za nyama, alikuwa mtu wa kiasi. Wataalamu wa serikali walisema kinywaji chenyewe hakina madhara, nami naamini. Maji ya mizizi hayakumuua mtu. Swali zito ni nini kiliendelea watu waliporudi majumbani.

Baadhi ya waliokunywa walikuwa wameanza dawa za kufubaza VVU, ambazo vituo vya umma Tanzania vilikuwa vimeanza kuzitoa mwaka 2004. Miaka saba hiyo tu. Kumbukumbu ya ndugu waliokonda wakafa ilikuwa bado mbichi. Hawa walikuwa wamesimama tena, wamerudi shambani, wamenenepa, na sasa wamepewa sababu takatifu ya kuacha kwenda kliniki ya dawa hizo, CTC. Kurudi kuchukua dawa baada ya kikombe kulionekana kama kumwambia Mungu kwamba hukumwamini. Madaktari walieleza baadaye jinsi walivyowapokea wagonjwa walioacha: wamedhoofu, virusi vimepanda, wengine wakiwa na magonjwa nyemelezi ambayo yalikwisha kusahaulika. Wakati huohuo vikombe vingine vikaibuka mikoani, kila kimoja na ndoto yake. Mwasapile aliendelea kuishi Samunge, umati ulipungua, na alifariki Julai 30, 2021.

Kuna jambo katika habari hii ambalo Walutheri hawakulizungumza vya kutosha. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, watu waliokuwa na uwezo wakakimbia, lakini Martin Luther alibaki na mke wake Katharina, aliyekuwa mjamzito, na nyumba yao ikawa mahali pa kuwalaza wagonjwa. Katika mwaka huo aliandika barua ndefu kwa mchungaji Johann Hess wa Breslau, aliyetaka kujua kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Luther alijibu kwamba mwenye wajibu kwa wengine asiwatelekeze. Halafu akawageukia wale waliojiona mashujaa wa imani, waliodharau dawa na kuingia kwenye nyumba zenye tauni bila sababu. Hao aliwaambia kwamba wanamjaribu Mungu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeumba dawa na kumpa mwanadamu akili ya kuutunza mwili, na anayeacha kuzitumia makusudi anakaribia kujiua. Alishauri watu wanywe dawa, wafukize nyumba zao, wasiende mahali ambapo hawahitajiki. Huyu ndiye mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye mabango ya sharika kutoka Machame hadi Tukuyu.

Wanaowakataza watu hospitali nao wana maandiko yao, na si haki kuwajibu kwa kuwaita wajinga. Wanalolipenda ni habari ya mfalme Asa katika 2 Mambo ya Nyakati 16, aliyeugua miguu akawaendea waganga bila kumtafuta Bwana, akafa. Soma sura yote. Asa amechukua fedha za hekalu akamnunulia nazo mfalme wa Shamu urafiki, ameambiwa ukweli na mwonaji akamtia gerezani, amewaonea watu wake. Ugonjwa wa miguu unakuja mwishoni mwa maisha ya mtu aliyekwisha kumfungia Mungu mlango. Lawama ni ya kumwacha Bwana, na waganga wametajwa kama mahali alipokimbilia. Isaya hakuona shida kuagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu la Hezekia. Paulo alimwagiza Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake lililomsumbua mara kwa mara, na sisikii kwamba alimkemea kwa kutopona. Tena alisafiri na Luka, ambaye anamtaja kama tabibu anayependwa. Wakatoliki wana nyongeza katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, ambako daktari anapewa heshima yake waziwazi.

Lakini andiko ambalo ningependa lisomwe kila palipo na ibada ya uponyaji ni lile la wakoma kumi, Luka 17. Yesu hakuwaambia wakatangaze. Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika Walawi 13 na 14 kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi: anatazama doa, anamtenga mtu siku saba, anamkagua tena, anamtenga siku saba nyingine, anatazama kama limeenea au limefifia, ndipo anatoa neno. Ukiondoa sadaka na hisopo, huo ni utaratibu wa kliniki pamoja na tarehe ya kurudi. Yule aliyekuwa na mamlaka ya kuponya hakujipa kazi ya kupima. Aliiheshimu ofisi iliyokuwepo ya kuthibitisha, hata pale uponyaji ulipokuwa wake mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia ameombewa na anajisikia amepona, simpingi. Namwambia aende akapimwe, akiwa bado anameza dawa zake, na amwambie daktari kila kitu. Muujiza wa kweli hauogopi maabara. Mchungaji anayekataza kipimo ndiye anayepaswa kuulizwa anaogopa nini.

Hapa inabidi niingie kidogo kwenye mwili wenyewe, maana makosa mengi yanayoitwa ya imani ni makosa ya kutojua dawa inavyofanya kazi. Chukua VVU. Mtu anayemeza dawa zake bila kuruka anafikia mahali ambapo kipimo cha wingi wa virusi kinasema havionekani. Anafurahi, na ni sawa, kwa sababu akibaki hivyo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akisikia "havionekani" katika mazingira ya mkesha, anaweza kuelewa "havipo". Vipo. Vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dawa zikisimama kwa kawaida vinarudi katika damu ndani ya wiki chache tu. Akiendelea kuanza na kuacha, vinaweza kujifunza kuzishinda zile dawa, na hapo daktari analazimika kutafuta nyingine.

Presha ina hadaa zaidi. Haiumi. Mashine inasoma 180, dawa inaanza, baada ya muda inasoma 125, na mgonjwa anasema, "Sasa nimepona, naachaje kuacha?" Namba ile nzuri ni kazi ya kidonge alichomeza jana. Ushindi wa dawa unageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya dawa. Anaacha, hajisikii vibaya wiki ya kwanza wala mwezi wa tatu, anashuhudia, anapigiwa makofi, kisha siku moja mdomo unapinda na mkono mmoja hauinuki. Kiharusi hakitangulizi barua.

Magonjwa mengine hayangoji hata hivyo. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akinyimwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwili wake hautengenezi insulini ya kumtosha. Mwenye kifafa anayetumia fenobabitoni akiikata ghafla anaweza kuingia kwenye degedege linalofuatana bila kupumzika, na hilo huua. Ndiyo maana madaktari, hata wanapokubali kuziondoa dawa za aina hiyo, huzipunguza polepole kwa miezi. Anayemwambia mama aitupe insulini ya mwanawe madhabahuni hafanyi jambo la kiroho lenye hatari kidogo. Anaweka rehani maisha ambayo si yake, na deni likiiva hatakuwepo kulilipa. Nimesikia hoja kwamba mzazi ana uhuru wa kuamini. Anao, kwa mwili wake mwenyewe.

Ajabu ni kwamba kanisa lenyewe ndilo lililojenga sehemu kubwa ya hospitali tulizo nazo. KCMC pale Moshi na Bugando pale Mwanza zote mbili zilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa. Haydom ya Walutheri, Ndanda na Peramiho za Wabenediktini, Mvumi ya Waanglikana: kwa wilaya nyingi za Tanzania, kwa muda mrefu, hospitali ilimaanisha misheni. Mwaka 1992 Wakatoliki na Waprotestanti waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili kusimamia kazi hiyo pamoja. Mtu anaweza kuzaliwa katika wodi yenye msalaba ukutani, akaokoka akiwa na miaka ishirini, akaanza kufundishwa kwamba vidonge ni kukosa imani. Sijui masista wa zamani wangesema nini.

Kwenye akili mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hapo hakuna mashine ya kufunga mkononi na kusoma namba. Mtu hapati usingizi, hali chakula, analia bila sababu, anasikia sauti, na maelezo ya kwanza yanayomjia kila mmoja sebuleni ni pepo au kurogwa. Hospitali yenyewe imegeuzwa kuwa tusi. "Huyo wa Mirembe" Tanzania, "huyo wa Mathari" Kenya, na familia inaona heri mkesha wa siku kumi kuliko kuonekana getini mwa mahali pale. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, tunasema, kisha tunayaficha haya kuliko yote.

Historia ya kanisa hapa nayo ina habari ambayo haisimuliwi. Juu ya milima ya Usambara, Lutindi, wamisionari Wajerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na hospitali ipo mpaka leo chini ya Walutheri. Wagonjwa wanapata dawa, wanafanya kazi za shamba, wanasali. Zaidi ya miaka 100 ya dawa na sala katika eneo moja, na bado kuna watu wanaotuambia lazima tuchague.

Kisa cha Mahenge nacho kinafundisha. Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norwei, aliwakuta kule watu wenye kifafa wakiwa wametengwa, wakila peke yao, wengi wana makovu makubwa ya moto. Walikuwa wanaangukia mafigani na hakuna aliyethubutu kuwavuta, kwani iliaminika kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Mwaka 1960 alianzisha kliniki akawapa fenobabitoni, dawa ya bei rahisi isiyo na fahari yoyote, na degedege zilipopungua watu wakaanza kurudishwa kwenye sahani ya pamoja. Hebu jiulize pepo gani anayeondoka kwa kidonge na kurudi kidonge kinaposahaulika. Mimi siwezi kumkataza mtu kuamini kwamba mapepo yapo, Injili zinayataja. Ninachosema ni kwamba mwenye kifafa apelekwe hospitali kwanza, na huyo pepo, kama yupo, atasubiri.

Kuhusu huzuni inayomlemea mtu hadi atake kufa, sina fundisho bora kuliko 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda vita kubwa ya imani pale Karmeli. Siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu anamtuma malaika, na malaika hahubiri. Hamuulizi dhambi yake, hamkumbushi ushindi wa juzi, hamwambii ajikaze kiume. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, anamwacha alale. Anamwamsha, anampa tena, na anakiri kwamba safari imekuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo marefu yanakuja baadaye sana, mtu akiwa ameshakula na kulala. Luther mwenyewe, mwaka uleule wa tauni, alizidiwa na giza la moyo, na marafiki zake hawakumwacha peke yake.

Mzee wa kanisa au mama wa jumuiya anayekutana na mtu wa hali hiyo aanze hapo: anakula? analala? Kisha aulize waziwazi, kwa upole, bila kuzunguka: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi kunamtua mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake usiku huo, dawa na sumu za kilimo ziondolewe karibu, na asubuhi asindikizwe hospitali. Maombi yafanywe njiani. Akiandikiwa dawa za sonona ajue kwamba zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, asije akadhani baada ya siku tatu kwamba zimeshindwa.

Na jambo moja linaloniudhi. Kuna umbea unaovaa joho la maombi. "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, shetani anaichezea akili yake." Kabla ya chai, mtaa mzima unajua. Anayetaka watu wamwambie ukweli kuhusu akili zao ajifunze kwanza kufunga mdomo, vinginevyo hatasikia lolote mpaka siku ya msiba.

Kufunga nako kunahitaji neno. Saumu ya Kwaresima, wiki ya maombi ya mwanzo wa mwaka, siku 40 za kanisa fulani: ni desturi nzuri, na mwili wenye afya unazimudu kwa kiasi. Mwenye kisukari anayejidunga insulini asifunge bila kuongea na daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka akazimia peke yake chumbani. Anayemeza dawa za akili asiziruke kwa ajili ya saumu. Kidonge na maji yake si futari. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye vidonda vya tumbo wana saumu nyingine za kufunga, za maneno kwa mfano, na wengi wetu tungefaidika zaidi na hizo. Kufunga kavu kwa siku nyingi, bila hata maji, hakuna haja ya kukujadili. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, wakiwemo watoto. Mhubiri Paul Mackenzie, ambaye watu hao walikuwa wafuasi wake, alishtakiwa na akakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama. Linalotuhusu sisi ni swali la kabla ya Shakahola. Ni mara ngapi waumini walisikia, katika makanisa ya kawaida kabisa, kwamba mwili si kitu na kwamba anayeutesa zaidi ndiye wa kiroho zaidi? Shakahola haikuota jangwani.

Sasa wajibu wa mtu mwenyewe. Wahubiri wanaopenda afya wana tabia ya kuuzungumzia kama fimbo: kula mboga, tembea, acha chumvi, mwili wako ni hekalu. Yote ni kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na ukijumlisha mchuzi, chipsi na supu ya asubuhi wengi tunavuka kabla ya saa nane mchana. Linashauri pia angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, na hapo mkulima anatushinda sisi wa ofisini. Kanisa lenyewe halisaidii sana. Angalia meza ya baada ya semina: soda, keki, wali wa mafuta, nyama ya kukaanga, soda ya pili. Mchungaji anatembelea waumini na kukaribishwa chai yenye vijiko vitatu vya sukari katika nyumba sita kwa siku, na kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Hajachukua likizo tangu apewe usharika, anazika Jumanne na Alhamisi, anafungisha ndoa Jumamosi, simu yake haizimwi, na anahubiri juu ya Sabato. Kama kuna mtu katika jengo lile anayehitaji kupimwa presha ni yeye, tena apimwe mbele ya watu, ameze na dawa zake mbele ya watu. Mahubiri kumi juu ya hekalu la mwili hayafikii hilo.

Lakini fimbo ya wajibu ina mahali inapovunjika. Wengi wanaoacha dawa hawakuziacha kwa ajili ya imani. Waliziacha kwa sababu ya nauli. Kliniki ni mara moja kwa mwezi, basi ni kwenda na kurudi, siku ya kibarua imepotea, na dirishani anaambiwa dawa hii haipo, kanunue nje. Imani inaingia baadaye, kama maelezo ya heshima: ni rahisi kusema nimeziacha kwa sababu Mungu ameniponya kuliko kusema sina nauli. Mchungaji anayesikia ushuhuda wa aina hiyo, kabla ya kushangilia au kukemea, amvute pembeni amuulize: "Mama, hebu niambie ukweli, zilikwisha lini?"

Hapo wajibu unahama kutoka kwa mtu mmoja kuja kwa wengine. Jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki, zinajua nani hakuonekana, nani ana kisukari, nani anaishi peke yake na kijana mgonjwa wa akili. Watu 15 wakichanga shilingi elfu moja kwa mwezi, katika maeneo mengi ni nauli ya wawili watatu kufika kliniki na kurudi; kwa muda, bima ya familia moja. Mmoja anayekwenda mjini anaweza kumsindikiza mwingine ambaye akili haijatulia vizuri, akakaa naye foleni, akasikiliza maelekezo ya dawa, maana mgonjwa peke yake husahau nusu. Kifua kikuu kilitufundisha hili zamani, kwamba mgonjwa mwenye mtu wa kumkumbusha humaliza dozi. Fedha za namna hii hazihitaji kamati wala uzinduzi wenye mgeni rasmi. Katibu wa jumuiya tayari ana daftari la michango ya harusi na misiba, na kurasa za nyuma za daftari lile kwa kawaida hazijaandikwa kitu.